Vumbi la Viatu vya Mwalimu Barasa

Enzi zetu mtu hakulazimika kwenda chuoni. Chuo chenyewe ndicho kilichomjia, tena kwa basi la kutoka Kisumu, ndani ya gunia la posta, kikiwa kimelowa mvua na kunuka samaki wa abiria wenzake. Wa rika langu mnakikumbuka: bahasha ya kaki, vitabu vyembamba vya jalada la kijani, na karatasi yenye saa za vipindi vya redio. Hicho ndicho kilikuwa chuo cha Mama.

Mama alifundisha darasa la pili katika shule moja karibu na Kombewa, bila cheti. Siku moja mwalimu mkuu aliwaita ofisini walimu wote wa aina yake, akawaambia kwamba asiyepata cheti mwaka ule asijisumbue kurudi Januari. Mama alifika nyumbani, akakaa kwenye kigoda na kulitazama beseni la omena, dagaa wa ziwani, alilokuwa akijitwisha kwenda sokoni kabla hajaitwa mwalimu. "Mimi sirudi kwa hiyo beseni," alisema. Jioni ile ile aliandika barua ya kuomba nafasi katika chuo cha posta.

Masomo ya redio yalianza saa kumi na moja jioni. Betri tulizianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kumaliza kipindi. Waya wa redio ulifungwa kwenye kamba ya nguo, kwa hiyo siku ya hesabu hakuna aliyefua, maana shuka moja tu lililolowa lingetunyima nusu ya somo. Kuku walifukuzwa. Dani, yaani bibi yetu mzaa baba, alijifunga kitambaa kizuri kichwani na kuketi wima, kwa kuwa nyumbani palikuwa na mgeni.

"Habari za jioni, wanafunzi wangu popote mlipo," redio ilisema kwa sauti nzito, ya taratibu. "Mimi ni mwalimu wenu, Barasa."

"Mzuri, Mwalimu," Dani alijibu. "Karibu chai."

Na hakuwa akitania. Kikombe cha chai kiliwekwa kando ya redio, na kipindi kilipokwisha mimi ndiye niliyekinywa. Sijui mtoto mwingine aliyeipenda elimu ya watu wazima kama nilivyoipenda mimi.

Katikati ya masomo hayo Mama akajifungua mtoto wa kiume, na mtoto akaanza kulia. Alilia siku nne. Kwetu mtoto akilia hivyo bila ugonjwa, wazee wanajua kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi. Hutajwa majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Dani aliwataja babu zetu wote, akaingia kwa shangazi, akafika hadi kwa mzee mmoja ambaye tulimkumbuka tu kwa sababu aliuma watu. Mtoto alizidi kupiga mayowe.

Ikafika saa kumi na moja. Mama alikuwa amechoka, lakini kipindi ni kipindi, akafungua redio. "Mimi ni mwalimu wenu, Barasa." Mtoto akanyamaza kimya, akafumbua macho na kukikodolea kile kisanduku.

"Mtoto imesema jina yake," Dani akatangaza. Kisha akashika kifua. "Yaye! Kumbe hii mwalimu alishakufa!"

Mama alibisha. Alisema mtu aliyekufa hawezi kufundisha kugawanya sehemu. Dani akamuuliza kama amewahi kumwona kwa macho. Hajawahi. Je, yuko mtu yeyote huku kwetu Seme aliyemwona? Hayuko. "Sauti bila miguu," Dani alisema, "hiyo si mtu wa hapa." Wiki iliyofuata hesabu zilikwisha na redio ikaleta mwalimu mwingine, mwanamke. Hapo ubishi wa Mama nao ukaisha. Chini ya kazi aliyoituma chuoni, baada ya swali la kumi, aliandika kwa mwandiko wake mzuri: "Poleni sana kwa kifo cha Mwalimu Barasa. Tumempa mtoto jina lake."

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari huko Muhoroni na alikuja mara moja kwa mwezi. Alipofika alimbeba mwanawe mpya, akauliza anaitwa nani.

"Barasa," tukamwambia.

Baba alimrudisha mtoto mapajani mwa Mama. Barasa si jina la watu wetu. "Huyu Barasa ni nani?"

"Ni mwanaume mmoja alikuwa anaongea na Mama kila jioni," nilisema, maana nilipenda kusaidia. "Lakini amekufa."

Dani alitumia mchana mzima kumweleza, na hata hivyo Baba aliiangalia ile redio kwa jicho baya hadi alipostaafu.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa kufundisha mbele ya mkaguzi kutoka chuoni. Kitabu cha kijani kilisema wazi kwamba mkaguzi atakaa nyuma, ataandika, na hatasema neno lolote. Mama alikuwa amepanga somo la kusoma saa. Alikata kadibodi ya sabuni, akachora namba na kutengeneza mishale kwa mabua ya mahindi. Usiku hakulala. Asubuhi akakimbilia shuleni na kuisahau saa mezani. Mimi, mwanafunzi wake wa darasa la pili, nikatumwa nyumbani kuichukua.

Nilimkuta Dani uani akichambua omena, Barasa mdogo mgongoni akilia kwa sababu zake. Mara tukasikia sauti langoni. "Habari za asubuhi. Mimi ni mkaguzi kutoka chuoni, nimeelekezwa huku. Hapa ni kwa Mwalimu Roslida?"

Omena zote zikamwagika. Langoni alisimama mtu mfupi mwenye mkoba, na kutoka kinywani mwake ilitoka ile sauti. Mtoto alikatiza kilio katikati. Dani hakumtazama uso. Alimtazama miguu, akasogea, akainama na kupitisha kidole juu ya kiatu chake cha kushoto. Kidole kikatoka chekundu.

"Ana vumbi," Dani aliniambia kwa furaha. "Imetembea. Iko hai!"

"Mama, mimi sijafa," yule mtu alisema kwa upole. "Ile barua yenu tuliipata. Ilisomwa kwa mkutano wa walimu wote, tukasimama dakika moja."

"Na wewe ulisimama?"

"Nilikuwa nimechelewa. Nilikuta watu wamesimama, na mimi nikasimama. Niliambiwa ni nani baadaye."

Dani alikataa katakata kubaki nyumbani. Twende wote, alisema, mtoto amwone vizuri mwenye jina lake. Hivyo tuliingia shuleni: mimi mbele na saa ya kadibodi, mkaguzi nyuma yangu, na Dani akifuata na mtoto. Mama alikuwa hajawahi kuiona sura ya mwalimu wake, kwa hiyo alimwamkia mkaguzi kwa heshima, mkaguzi akainamisha kichwa tu bila kufungua kinywa, kama kanuni ilivyotaka, akaketi nyuma. Dani akasimama dirishani.

Mama alipoinua saa, Barasa mdogo alianza. Alilia hadi madirisha yakatetemeka. Mama alipaza sauti, mtoto naye akapaza. Dani alimbembeleza, akamtikisa, akamtajia majina ya babu tena. Nikaona mishale ya mabua ikizunguka yenyewe mkononi mwa Mama, na nikajua kwamba tunarudi kwa beseni.

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Alitazama juu, akatazama mlango, halafu akasema kwa sauti nzito, ya taratibu, saa nne asubuhi: "Habari za jioni, wanafunzi wangu popote mlipo."

Mtoto akanyamaza. Darasa likageuka nyuma. Mama alimtazama marehemu wake kwa mara ya kwanza. Ndipo Odhiambo, aliyekaa mbele yangu, akainua mkono. "Mwalimu, sasa ni jioni?"

Mama akamnyooshea ile saa. "Swali nzuri sana, Odhiambo. Njoo uonyeshe sasa ni saa ngapi. Halafu mwingine aje atuonyeshe jioni ya huyu mgeni."

Darasa zima liligombania ile saa. Kila mara Barasa mdogo alipoanza kulia, mkaguzi alitupa "habari za jioni" nyingine, na Mama akamwita mwanafunzi mwingine asogeze mishale. Kwenye ripoti aliandika kwamba mwalimu huyu anatumia vizuri sana vifaa vinavyopatikana katika mazingira yake. Sijui kama kifaa ni mtoto au yeye mwenyewe. Mama alipita, na lile beseni tukawapa bata.

Cheti kilipofika kilikuwa na jina ambalo hatukulijua, kwa sababu chuo cha posta kilikuwa kimeunganishwa na kingine na kuitwa taasisi. Taasisi nayo ikamezwa, ikabadilishwa jina mara mbili, na leo ni chuo kikuu chenye jengo la vioo Kisumu mjini. Wanafunzi wake husoma kwa simu. Mpwa wangu "huhudhuria" mhadhara akiwa amejifunika blanketi hadi masikioni, kamera imezimwa, na akifeli anasema ni mtandao. Hajawahi kuanika betri hata moja.

Na anayewafundisha humo kwenye simu ni Daktari Barasa, mdogo wangu, yule mlia-lia. Mama sasa ni mzee na kumbukumbu zake huenda na kurudi. Kila wiki Barasa humtumia video ya somo lake, kwa sababu kuja hana nafasi, ana mikutano. Kutoka Kisumu hadi kwetu ni saa moja tu. Mwezi uliopita nilimwekea moja. "Habari za jioni, wanafunzi wangu popote mlipo," simu ilisema.

"Mzuri, Mwalimu," Mama alijibu. Kisha akanigeukia kwa huruma. "Huyu kijana alikufa lini?"

Nilimpigia ndugu yangu na kumwambia maneno hayo hayo, bila kuongeza chumvi. Jumamosi akaja, na suti yake, na gari lake. Alipoinama kumsalimu, Mama alitazama miguu. Akapitisha kidole juu ya kiatu cha kushoto, kama Dani alivyosimulia miaka yote. Kidole kikatoka safi, maana gari lilimleta hadi mlangoni.

"Hapana," Mama alisema, akarudisha mkono wake.

Daktari alinitazama. Nami nikamwonyesha mlango. Akatoka, akaenda kwa miguu hadi barabarani, akarudi polepole akiburuta viatu kwenye udongo mwekundu, jasho likimtoka. Mama akapitisha tena kidole juu ya kiatu, kikatoka chekundu, kisha akamshika mwanawe mkono.

"Barasa," alisema. "Umekuja."