Fensi ya Baba

Juzi, kwenye shamba letu nje ya Eldoret, harufu ya nguzo mbichi za mtarakwa ilinirudisha kwenye mchana mmoja wa utoto wangu. Baba, aliyekuwa ameokoka Jumapili, aling'oa fensi yake, misumari ikilia, kisha akamwita jirani.

"Mzee, tulipogawana hii shamba ya mzungu, nilikula kipande chako. Nisamehe."

Watoto wa jirani walicheka. Nilijificha kwenye mahindi kwa aibu, nikidhani kuokoka ni kushindwa.

Siku hizi nafundisha toba kanisani. Nguzo za juzi alikuwa akizichimbia kaka yangu, ndani ya shamba la jirani, pale pale baba alipong'oa zake. Nilimsalimia, nikauliza kama chai iko tayari.