Nyumbu wa Kulwa

Kila ninaponusa ngozi kuukuu iliyoshiba jasho, namkumbuka marehemu baba na mfuko wa kamera yake, halafu wivu unanipanda upya. Samahani, mimi ni mtu wa wivu. Nilizaliwa nyuma ya Kulwa kwa dakika chache, nikaitwa Doto kama desturi yetu Wasukuma inavyotaka, na tangu siku hiyo mama akawa Mama Kulwa. Hakuna aliyewahi kumwita Mama Doto, hata kwa bahati mbaya.

Tuliishi Nyasubi, mjini Kahama, ambako baba alipiga picha za harusi na ubatizo. Nyumbani kwetu pacha mmoja hakupewa kitu mwenzake akakosa. Mgeni akileta papai, linakatwa katikati. Gauni likishonwa, yanashonwa mawili. Kwa hiyo shule ilipopata nafasi chache za kwenda Serengeti kuwaona nyumbu wakihama, nilijua tutakwenda wote au tutabaki wote. Mwalimu hakuwa na habari na desturi hiyo. Alikunja vikaratasi, akatuita tuokote, na Kulwa, kama kawaida yake, akatangulia. Chake kilikuwa na tiki. Changu kilikuwa kitupu. Mpaka leo naamini ningetangulia mimi, ile tiki ingekuwa yangu.

Bibi aligomba siku mbili, akisema pacha mmoja hasafirishwi peke yake. Baba alimtuliza, kisha akafanya jambo lililoniumiza kuliko kura yenyewe: alimvika Kulwa kamera shingoni.

"Niletee nyumbu, mwanangu," alimwambia. Alikuwa akiitamani picha ile siku zote, lakini hakuwahi kufika huko. Siku hiyo sikula, na nilihakikisha kila mtu ameona kwamba sikula.

Kulwa alirudi Jumapili mchana, vumbi tupu mpaka kwenye kope, akajitupa kitandani. Kamera aliiacha mezani. Niliichukua, nikasimama nayo mlangoni penye jua kali, nikaufungua mgongo wake. Usidhani sikujua nilichokuwa nafanya. Baba alikuwa ametufundisha sote wawili kwamba filamu ikiona mwanga inaungua. Nilihesabu mpaka kumi, nikaifunga, nikairudisha mahali pake.

Filamu ilipopelekwa kusafishwa, haikutoa picha hata moja. Baba alitusimamisha mbele yake.

"Nani ameifungua?"

Machozi yalikuwa yameshanilenga Kulwa aliposema, "Ni mimi, baba. Niliifungua kwenye basi."

Baba hakumpiga. Ila kamera hakumpa tena; alianza kunifundisha mimi. Unadhani nilitulia? Wapi! Kila jioni Kulwa aliwasimulia watoto wa mtaa jinsi nyumbu walivyoifunika nchi, nami nilikaa pembeni roho ikiniuma.

Leo kazi yangu ni picha. Mwaka jana wateja walinipeleka Serengeti, nikawakuta nyumbu wenyewe, weusi mpaka jicho linapoishia. Nilipiga hadi kidole kikauma, nikamtumia Kulwa picha kadhaa kwa simu. Siku hizi anauza mchele Runzewe. Alinipigia hapo hapo.

"Doto, wanalia vipi?"

Nilishangaa. "Si uliwasikia wewe?"

Akasema, "Hatukuwakuta. Walikuwa wameshaondoka. Filamu nzima niliimalizia kwenye nyasi na kinyesi chao, nikalia njia nzima nikiwaza nitamwonyesha nini baba."

"Sasa kwa nini ulisema umeifungua wewe?"

"Nilikuwa macho, Doto. Nilikuona pale mlangoni. Nilikuwa namwomba Mungu usiifunge haraka."

Miaka yote ile nilidhani Kulwa alinisitiri kwa wema wake, na hata wema huo niliuonea wivu. Kumbe nilimwokoa bila kujua, na kilichokuwa kinanikosesha usingizi ni nyasi. Ningepaswa kumwomba radhi, maana kamera ya baba niliipata kwa ubaya wangu. Badala yake nilisogeza simu kwenye dirisha la gari, nikamsikilizisha miguno ya nyumbu.

Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti niliyoifahamu vizuri kwa kuwa ilikuwa yangu tangu utotoni, "Una bahati wewe."