Mganga wa Lewis na Shujaa wa Mume Wangu

Mume wangu Garama ni shujaa. Msicheke. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana anavaa deraya, anabeba upanga wa kushikwa kwa mikono miwili, anakwenda kuokoa dunia kwenye baraza la duka la dada yake Kadzo, hapa Ukunda. Siku nyingine ni kibarua wa makuti huko Diani: mafundi wamekaa juu ya paa wakifunga, yeye anawapandishia mizigo kwa ngazi. Kwa hiyo mtaelewa kwa nini Jumapili anaipenda kuliko anavyonipenda mimi.

Mchezo wenyewe umo kitabuni. Mgeni mmoja alikisahau hotelini, kikaokotwa na Lewis wa Msambweni, ambaye kazi yake ni kuwasalimia na kuwachangamsha wazungu kando ya bwawa la kuogelea. Unachezwa kwa mdomo. Kadzo, ambaye ni mshonaji na ana subira ya kusoma kitabu kinene, anasimulia mlichokutana nacho. Wewe unasema mtu wako anafanya nini. Kisha unarusha dadu lenye pande nyingi kuona kama umefaulu. Mimi sichezi. Nakaa hapo hapo nikikaanga mihogo na kusema ninayoyaona, huduma ambayo hakuna aliyeniomba.

Lewis alichagua kuwa mganga. Kitabuni ni mchawi, lakini neno hilo kwetu Kwale si la kuitana hata kwa mzaha. Mwanzoni mganga wake alikuwa dhaifu, maskini wa Mungu, kofi moja tu yuko chini, na Garama ndiye aliyemkinga kwa ngao. Mchezo ulivyoendelea, mganga akajifunza kuruka. Akajifunza kupenya kuta. Akateketeza kambi nzima ya majambazi kwa neno moja, shujaa wetu bado anachomoa upanga. Na shujaa alijifunza nini? Alijifunza kupiga. Baadaye sana akajifunza kupiga mara mbili. Hongera zake.

Siku moja walifika kwenye korongo. Lewis akasema anaruka, akaruka, hakuna aliyemwuliza kitu. Garama akasema naye anaruka.

"Rusha dadu tuone kama hujavunjika mguu," Kadzo akamwambia.

"Kadzo, mimi kila siku naruka kutoka ngazi hadi boriti na mzigo kichwani. Huyu anapaa kama mwewe na humwulizi hata kama ana kizunguzungu."

"Yake ni uganga, kaka. Yako ni miguu."

"Kwa hiyo uongo wake ni mkubwa, unakubalika. Wangu ni mdogo, unapimwa."

Kilichomuuma zaidi ni mizigo. Shujaa asiye na la kufanya alitwishwa mahema, masufuria na vitabu vya mganga, kwa kuwa ana nguvu. Usiku huo aliniambia, "Jumapili ijayo ikiwa hivi hivi, naacha. Kubeba nabeba Diani." Garama hasemi ovyo. Nami nilijua akiacha hana pengine pa kwenda. Atalala kitandani Jumapili nzima akitazama bati.

Nikamwendea Kadzo. "Wifi, mpe kaka yako kitu cha kufanya, la sivyo nitakurudishia umlee wewe."

Jumapili Kadzo akaja na sheria ambayo haimo kitabuni. "Mganga gani hana miko?" akasema. "Nyanya yetu kule Kinango akienda kuchimba dawa hakumsalimia mtu njiani wala hakuitikia salamu. Akifungua mdomo tu, dawa imeharibika. Nawe Lewis vivyo hivyo. Ukianza uganga, kimya mpaka umalize."

Lewis alikubali upesi. Kunyamaza tu, kuna ugumu gani? Alisema hivyo mtu ambaye mshahara wake unatoka katika kusalimia.

Wakafika kwenye pango la zimwi. Mlangoni, Kadzo akasimulia, amekaa bibi kizee na mzigo mkubwa wa kuni mgongoni. Lewis si mjinga, alijua huyo ndiye zimwi lenyewe. Akatangaza kwamba anaanza uganga wa moto, akafumba mdomo. Kadzo akapinda mgongo, akakohoa, akamtazama usoni.

"Hamjambo, wajukuu zangu?"

"Shikamoo, bibi," Lewis akasema.

Ilimtoka yenyewe. Alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, lakini mtu aliyelelewa Msambweni hawezi kumwacha mzee na salamu yake hewani. Kadzo akaitikia marahaba kwa furaha kubwa, na moto ukazimika. Lewis akaanza upya. Kizee akamwuliza habari za mama yake, naye akajibu kwamba hajambo, anamshukuru Mungu, ila goti linamsumbua. Uganga wote ukaishia kwenye goti la mama. Nilicheka mpaka mihogo ikaungua.

Basi njia ikawa wazi: mganga hana kitu, zimwi liko mbele, shujaa ana upanga. Kadzo akamgeukia kaka yake. "Garama, wewe unafanya nini?"

Niliacha kucheka. Nilitaka alipige pigo hilo kwa roho yangu yote.

Garama alilizungusha dadu kiganjani. "Mzigo wake ni mzito?"

"Mzito sana. Umempinda mgongo."

"Nampokea."

"Kaka, huyo ni zimwi," Lewis akasema. "Mkate kwa upanga."

"Najua ni zimwi. Lakini ni kizee ana mzigo, nami nimesimama tu. Nampokea."

Kadzo alipekua kitabu mbele na nyuma. Kilieleza zimwi likikatwa linafanya nini, na likichomwa, na likilogwa. Likipokewa mzigo hakikusema. Akakifunga. Akasema kizee amenyoosha mgongo, ameshukuru, ameondoka mlangoni, na wote wapite salama, Garama atangulie na kuni.

Lewis akampiga bega. "Umeshinda, kaka. Peke yako, bila hata kurusha dadu."

Garama aliliweka dadu mezani polepole. "Nimeshinda nini? Nimebeba mzigo tena," akasema. "Na leo hakuna hata aliyenituma."

Niliepua mihogo iliyoungua, nikazima jiko. Niliona uchungu.

Tulipoondoka, mzigo wa makuti aliouleta Garama kwa kazi ya kesho ulikuwa umeegemea ukuta nje ya duka. Alipoinama kuuchukua, nilimtangulia, nikajitwika mimi.

"Mama Mwero, lete, watu wanatutazama," akaniambia.

"Watutazame. Shujaa apumzike."

Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na makuti yalinichoma shingo njia nzima. Yeye alinifuata nyuma, mara mikono mfukoni, mara mikono mgongoni, hajui aiweke wapi.