Mazoezi ya Kumsalimu Askofu

Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na Askofu mpya alikuwa anakuja Bagara kwa mara ya kwanza. Sura yake hatukuijua. Mimi, mpishi wa parokia, nikachaguliwa kumkaribisha mlangoni mwa kanisa. Neno "Mhashamu", la kumwitia Askofu, lilinitoa jasho wiki nzima.

Asubuhi ya siku yenyewe baba mmoja mwenye sweta akachungulia jikoni. Mjuaji mimi, nikamdhani msaidizi, nikampa kisu na beseni la viazi.

"Huku ukimenya, jifanye wewe ndiye Askofu, nifanye mazoezi."

Akacheka, akaninyooshea mkono. Nikasalimu, nikajikwaa kwenye neno lile. "Rudia, mama. Taratibu."

Kengele ilipolia, mwenye kofia ya zambarau akanijia mlangoni. Yule yule! Nikaishia "Mha... Mha..." Akaniinamia, Mungu amzidishie, akaninong'oneza:

"Mama, jifanye unamsalimu yule wa viazi."