Mchua Misuli Aliyeua Kwenye Runinga

Timu nzima tulimwita Mikono. Kazi yake ilikuwa kuchua misuli, na nahodha wetu alizoea kulala kifudifudi kwenye meza yake, kufumba na kufumbua anakoroma. Mimi ni mtunza jezi, niliyaona yote. Basi watu wa tamthilia ya upelelezi wakaja kurekodi sehemu moja uwanjani kwetu. Humo mchua misuli wa timu anamtilia mshambuliaji sumu kwenye chupa ya maji. Mwigizaji wao hakujua hata kushika mguu wa mtu, wakamwomba Mikono aigize yeye. Nilimwambia, "Kaka, usikubali." Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

Tena aliigiza vizuri mno. Aliitikisa ile chupa huku anatabasamu, hata mimi ninayemjua nikasisimka mwili.

Sehemu hiyo ikarushwa runingani, na kesho yake kila mchezaji alikuja mazoezini na chupa yake kwapani. "Shikamoo, muuaji!" wakacheka, lakini maji yake hakuna aliyeyagusa. Nahodha alipanda mezani akalala chali, akivikodolea macho vidole vya Mikono. Mzaha mzaha hutumbuka usaha: kocha akamwambia wazi kwamba mchua misuli asiyeaminika hana kazi, na mechi ya Jumamosi ndiyo itakayoamua.

Wiki hiyo Mikono hakula akashiba. Mkewe aliniambia, "Shemeji, anaosha chupa, anazikausha, anaziosha tena. Mimi naogopa." Hata mimi niliogopa.

Jumamosi, mpira ukielekea mwisho, nahodha akaanguka. Msuli wa paja ulikuwa umemkaza. Mikono akakimbia na begi, nami nyuma yake na taulo. Akamkunja goti, akamchua taratibu, na nahodha akafumba macho kama zamani. Nikashusha pumzi. Kisha nahodha mwenyewe, bila kubembelezwa, akanyoosha mkono.

"Lete maji, kaka."

Mikono akafungua chupa. Akapiga funda moja yeye, akatulia kidogo akilisikilizia tumboni, ndipo akampa.

Nahodha alikuwa ameshafumbua macho.

"Mbona umeonja?"

"Nilitaka kuhakikisha tu."

"Kuhakikisha nini?"

Mikono akaifunga chupa. Nahodha akainuka, akachechemea hadi golini, akaomba maji kwa kipa wa wapinzani.