Redio ya Pili ya Maselino

Baragumu la sala ya jioni lilipolia, Bibi Lagimalie alikaa mkekani na roho yake kwatu. Kijiji kizima pale kisiwani Savai'i kilijua kwamba nyumbani kwake waifai hujizima yenyewe saa ya sala. Mwanawe Maselino ndiye aliyeiandikia ruta, kile kisanduku cha kurushia waifai, amri kwenye kompyuta, na mama alimsifu kanisani mpaka wenzake wakachoka.

Katikati ya wimbo, kelele za mechi ya raga zikalipuka kutoka kwenye simu iliyofichwa ndani ya lavalava, shuka aliyojifunga Maselino kiunoni.

Bibi akaimba mpaka mwisho, maana sala haikatizwi. Ndipo akamgeukia. "Si ulisema umezima?"

Mkwewe Tusi, mke wa Maselino, akacheka. "Mama nawe! Ruta ina redio mbili, kila moja inarusha waifai yake. Amri inazima ile yetu. Ya pili kaificha jina lisionekane kwenye simu, anaitumia peke yake."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, mama," Maselino akajibu, macho chini.

"Nikakusifu mbele ya mchungaji, na wewe unanitazama tu!"

Akainuka, akaing'oa ruta ukutani na nyaya zake, akaikalia.

"Haya, fundi. Iandikie amri ya kuniondoa hapa."