Besi ya Misa ya Pasaka

Mwaka vita vya Kagera vilipokwisha, hata karatasi ya kufungia karanga ilikuwa ya kutafuta. Blandina, mjane wa mtaa wa Mchafukoge, Dar es Salaam, aliuza karanga za kukaanga Kariakoo, na kanisani alitunza kabati la nota za kwaya. Kazi hiyo ya pili aliipenda zaidi.

Kwaya yao ilisoma do-re-mi za herufi. Nota za mistari mitano, zenye vichwa vyeusi kama viluwiluwi, alizijua Mwalimu Tarsis peke yake, naye ndiye aliyezigeuza kuwa herufi, ukurasa kwa ukurasa. Basi Blandina alipokuta chini ya kabati bunda la makaratasi ya mistari mitano limeanza kuliwa na mende, alijiambia: haya yameshanakiliwa. Akayabeba. Siku tatu watu wa Kariakoo walifungiwa karanga kwa Misa ya Kilatini, ile waliyoachiwa na padre mmoja aliyerudi kwao Ulaya.

Jumamosi Mwalimu akafungua kabati, asilione bunda. Sauti tatu alikwisha kuzigeuza. Ya nne, ya besi, bado.

"Nani alizichukua mara ya mwisho?"

Daftari la kuazima nota lilimtaja Ignasi, kuli wa bandarini, aliyekuwa akijifunza kusoma mistari.

"Nilizirudisha, Mwalimu."

"Ulizirudisha, au ulisokotea sigara?" akasema Agnesi wa sauti ya kwanza. Kwaya ikacheka. Ignasi hakucheka, na Jumamosi iliyofuata hakuja.

Blandina alikuwa ameketi palepale. Sasa alijua alichofungia karanga, lakini akainamia daftari lake.

Akaanza kupita mitaroni Kariakoo akiokota karatasi za karanga. Alipata mbili, zimelowa mafuta. Kwaresima nzima hakupokea komunyo. Walipomuuliza, alisingizia tumbo.

Wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi alikutana na Ignasi huko Feri, kwenye soko la samaki.

"Tumsifu Yesu Kristo, mama."

"Milele na milele, amina."

"Mmeshapata besi?" Ignasi akainama. "Unajua, mama, siku hizi najishuku mwenyewe. Labda niliziacha kwenye basi, nikadhani nimezirudisha."

Hapo ndipo Blandina aliposhindwa kuendelea kuficha. "Hukuziacha popote, mwanangu. Mimi nilifungia karanga."

Ignasi akainua uso. "Na siku ile wakinicheka, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Basi kaseme kwao. Kuniambia mimi hapa kwenye samaki hakunisafishi."

Jumamosi alisimama mbele ya kwaya, akasema yote, na lile la kunyamaza pia. Agnesi akatazama chini. Mwalimu Tarsis hakugomba. Alimwomba ufunguo wa kabati tu, akampa Ignasi.

Pasaka waliimba kwa sauti tatu. Wanaume wa besi walisimama midomo imefumbwa mpaka Amina ya mwisho, waliyoijua kwa kichwa. Nje, watu wakasema Misa imependeza. Blandina akawaitikia kwa kichwa, akapita, kwa kuwa yeye alisikia palipopungua.